Taji la vijana Wimbledon 2022: mbona halikumfungulia Angella Okutoyi droo kuu ya wakubwa?

Mlinda_Mstari

Wakuu habari za humu. Nina maswali mawili yanayoshikana, naomba wanaoijua tenisi ya wanawake kwa undani wanisaidie.

Julai 2022 Angella Okutoyi na mwenzake Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walichukua ubingwa wa wasichana, wawili wawili, pale Wimbledon. Fainali waliwafunga Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko 3-6, 6-4, 11-9. Hakuna Mkenya aliyewahi kubeba taji la Grand Slam (yale mashindano manne makubwa ya tenisi) kabla yake. Januari ya mwaka huohuo alikuwa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi ya Grand Slam ya vijana, kule Australian Open, na hakuishia hapo, alifika raundi ya tatu. Machi 2024 akatwaa dhahabu ya Michezo ya Afrika, Accra.

Upande wa pili, Mboko aliyefungwa fainali ile amekuwa bingwa wa Montreal, Agosti 2025, kwa kumfunga Naomi Osaka. Sasa kila jina la Angella likitajwa mtandaoni, watu wanarushiana lawama: wengine wanasema katelekezwa na chama, wengine wanasema chuo cha Marekani kimempotezea muda. Sijaona anayeeleza mlango wenyewe unafunguka vipi.

Swali la kwanza: kombe la vijana lina thamani gani hasa katika kumfikisha mchezaji WTA (tenisi ya kulipwa ya wanawake)? La pili: msichana wa miaka 15 aliyepo Nairobi, Dar au Kampala, anayeshinda mechi za J30 na J60 (ngazi za chini za mashindano ya vijana), afuate hatua zipi, kwa gharama gani, na wengi huharibikiwa wapi?

Pointi_na_Wavu

Mkuu, tatizo linaanzia kwenye kuchanganya madaftari mawili. Viwango vya vijana anavitunza ITF (shirikisho la tenisi la dunia), vya wakubwa WTA, na pointi haihami kutoka daftari moja kwenda jingine. Kombe la vijana Wimbledon lina pointi sifuri za WTA. Pesa ya zawadi pia hakuna.

Tena taji lile lilikuwa la wawili wawili. Hata kwenye daftari la vijana, pointi za wawili wawili zinahesabiwa robo tu: ITF huchukua matokeo sita bora ya mchezaji akiwa peke yake, kisha hujumlisha asilimia 25 ya matokeo yake sita bora ya wawili wawili. Na Angella kazaliwa Januari 2004. Ruhusa ya kucheza vijana huisha mwisho wa mwaka ambao mchezaji anatimiza miaka 18, kwa hiyo tarehe 31 Desemba 2022 daftari lake la kwanza lilifungwa. Ni kama miezi mitano na nusu tu baada ya kombe.

Sasa mlango wa Grand Slam ya wakubwa. Droo kuu ni wachezaji 128. Nafasi 104 zinakwenda kwa viwango, 16 kwa waliopita mchujo, 8 kwa mialiko maalumu. Mialiko hiyo kwa sehemu kubwa ni ya wenyeji, na Marekani, Australia na Ufaransa wana utaratibu wa kubadilishana. Nchi isiyo na Grand Slam yake haina cha kubadilishana. Kwa hiyo mchezaji wa kwetu kabakiwa na njia moja: awe kwenye 100 bora au karibu sana na hapo wakati orodha inafungwa, wiki sita hivi kabla ya mashindano, au awe kwenye 230 bora hivi ili aingie mchujo na kushinda mechi tatu.

Viwango vya WTA ni jumla ya pointi za wiki 52 zilizopita, matokeo 18 bora kwa mchezaji mmoja mmoja. Ili jina lionekane kabisa kwenye orodha, unahitaji pointi kutoka mashindano matatu, au pointi 10 kwa jumla.

Ngazi zenyewe, tangu majina yalipobadilishwa, ni W15, W35, W50, W75 na W100 chini ya ITF, halafu WTA 125, 250, 500, 1000, na Grand Slam juu kabisa. Namba ni pointi za bingwa. Bingwa wa Grand Slam anapata 2,000. Pale W15 ni hivi: bingwa 15, aliyefungwa fainali 10, nusu fainali 6, robo fainali 3, aliyeshinda mechi moja tu ya droo kuu 1. W35 bingwa 35, fainali 23, nusu 14, robo 8.

Piga hesabu hapo. Msichana akishinda W15 kumi na nane kwa mwaka mmoja, jambo ambalo mwili wa binadamu hauliwezi, ana pointi 270. Hizo zinamfikisha kwenye ukingo wa mchujo wa Grand Slam, basi. Akishinda W35 kumi na nane ana 630, na bado yuko nje ya 100 bora, kwa sababu nafasi ya 100 kwa kawaida inataka pointi 700 na kitu. Ndiyo maana idadi ya makombe haisemi mengi. Swali la kuuliza ni: anacheza ngazi gani, na kwenye ngazi hiyo anafika robo fainali mara ngapi?

Mfano mzuri kwa Afrika ni Ons Jabeur wa Tunisia. Yeye alishinda French Open ya vijana mwaka 2011, tena akiwa peke yake, si wawili wawili. Aliingia 100 bora 2017. Taji lake la kwanza la WTA ni Birmingham, Juni 2021. Juni 2022 akawa wa pili duniani, na mwaka huo akacheza fainali za Wimbledon na US Open. Kutoka kombe la vijana hadi 100 bora ni miaka sita, hadi taji la kwanza ni kumi. Mchezaji huyu ana mikono ambayo wengi wanaoongoza duniani hawana, na ilimchukua muda wote huo. Anayesema Angella kachelewa aniambie kachelewa kwa kipimo gani.

Kona_ya_T

Naongezea kuhusu Mboko, kwa kuwa kila mtu anamtolea mfano vibaya. (Wazazi wake ni Wakongo, kwa hiyo hata huku kwetu kuna wanaomdai ni wao, na wana haki.)

Mboko alianza 2025 akiwa nje ya 300 bora, na hicho ni kipindi cha miaka miwili na nusu baada ya fainali ile ya Wimbledon. Kilichomtoa ni mashindano madogo ya ITF mwanzoni mwa mwaka: alishinda mechi 22 mfululizo bila kupoteza hata seti moja. Pointi hizo zikampandisha, akapita mchujo wa French Open, akafika raundi ya tatu. Montreal aliingia kwa mwaliko maalumu wa nyumbani, akawafunga Coco Gauff na Elena Rybakina njiani. Mwaliko ule ndio kitu ambacho Mkenya hana. Montreal ni WTA 1000. Kushinda pale kunaleta pointi 1,000 kwa wiki mbili, sawa na W35 zaidi ya ishirini na nane.

Kwa hiyo tofauti ya wawili hawa haikuanzia pale Wimbledon 2022. Mmoja kazaliwa 2006 na alikuwa bado na miaka miwili ya vijana. Mwingine alikuwa anamaliza.

Na ile dhahabu ya Accra nayo ielezwe, maana ilileta maumivu. Michezo ya Afrika haina pointi za WTA. Ilikuwa na kitu kingine kikubwa: nafasi ya bara kwenda Olimpiki ya Paris. Lakini nafasi hiyo ilikuwa na sharti, bingwa awe ndani ya 400 bora ifikapo tarehe 10 Juni 2024. Dhahabu ilishindwa mwezi wa tatu, ikabaki miezi mitatu ya kutafuta pointi, na miezi hiyo ndiyo msimu wa timu za vyuo Marekani. Tenisi ya Kenya haikuwa Paris. Billie Jean King Cup (kombe la timu za taifa za wanawake) nayo ni hivyohivyo, heshima ya taifa, pointi hakuna. Anayepanga kalenda ya mchezaji lazima ajue wiki zipi ni za bendera na wiki zipi ni za viwango, na asizitoe za bendera bila kuzihesabu.

Mlinda_Mstari

Asanteni, hii hesabu ya 18 mara 15 sikuwahi kuiona popote. Sasa twende kwa huyo wa miaka 15. Mtu ana msichana anashinda J30 za hapa Afrika Mashariki, mzazi ana uwezo wa kati. Afanye nini kwanza?

Pointi_na_Wavu

Kwanza aache kukusanya J30. Mtego ni uleule wa W15. Tangu 2023 majina ya ngazi za vijana nayo ni pointi za bingwa: J30, J60, J100, J200, J300, J500. Viwango vinachukua matokeo sita. Makombe sita ya J30 ni pointi 180, na robo fainali chache za J200 na J300 zinayapita. Ukishashinda J30 mbili hivi, nauli ya kwenda ya tatu ielekeze kwenye J60 au J100, hata kama atafungwa raundi ya pili.

Lengo la vijana liwe moja: 100 bora ya vijana duniani kabla mwaka wa mwisho haujaisha. Sababu ni kwamba ITF huweka akiba ya nafasi chache ndani ya droo kuu za W15 kwa vijana walio kwenye 100 bora. Bila hiyo, asiye na pointi za wakubwa anaanzia mchujo, anaingia akiwa mwisho wa orodha, na lazima ashinde mechi mbili tatu ndipo afike mahali ambapo pointi ya kwanza inaanza kutolewa. Wenye msimamo mzuri zaidi kwenye orodha ya vijana ya mwisho wa mwaka hupewa nafasi hata kwenye ngazi za juu ya hapo. Hiyo ndiyo thamani halisi ya tenisi ya vijana, mkuu. Inaokoa miezi.

Pili, umri. WTA haiwaruhusu walio chini ya miaka 14 kucheza mashindano ya kulipwa, na kuanzia 14 hadi siku ya kutimiza 18 kuna kikomo cha idadi ya mashindano kwa mwaka, kinachopanda kila mwaka wa kuzaliwa. Mwaka unahesabiwa kutoka siku ya kuzaliwa hadi siku ya kuzaliwa, si Januari hadi Desemba. Hapa watu hukosea: wanamaliza idadi yake kwenye W15 za karibu, na W35 nzuri ikija wiki ya mwisho kabla ya siku ya kuzaliwa hana tena ruhusa. Wa miaka 15 ningempa W15 nne au tano kwa mwaka, zilizobaki ziwe vijana.

Tatu, makaratasi. Afungue namba ya IPIN (utambulisho wa mchezaji) ya ITF, ailipie mapema, na amalize somo la mtandaoni la kupinga upangaji wa matokeo linalosimamiwa na ITIA, wakala wa uadilifu wa tenisi. Bila hilo somo hakuna kuingia mashindano ya wakubwa, na muda wake ukiisha unalirudia.

Kuingia mashindano ya wakubwa ya ITF mwisho ni Alhamisi, siku 18 kabla ya Jumatatu ya wiki ya mashindano, saa 14:00 GMT. Nairobi, Dar na Kampala hiyo ni saa kumi na moja jioni. Bujumbura, Kigali na Lubumbashi ni saa kumi jioni. Kujitoa bila adhabu mwisho ni Jumanne, siku 13 kabla, saa ileile. Ukipitiliza unahesabiwa umejitoa kwa kuchelewa, na faini inafuata jina lako hadi uilipe.

Hesabu_za_Safari

Niongee pesa, maana humo ndimo wengi wanazama.

W15 ina mfuko wa dola 15,000 kwa mashindano yote. Bingwa anaondoka na dola 2,352. Anayefungwa raundi ya kwanza ya droo kuu anapata dola 147. Anayefungwa kwenye mchujo harudi na kitu. Na hiyo ni kabla ya kodi, nchi nyingi hukata palepale mezani. Marekani humkata mgeni asilimia 30.

Tuseme hoteli ya mashindano ni dola 70 kwa usiku, usiku sita ni 420. Aliyeshika 147 karudisha kama theluthi moja ya hoteli. Nauli, chakula, nyuzi za raketi na mwalimu havijaguswa. Kwa hiyo safari ya wiki moja kwa W15 moja haina hesabu hata siku moja. Unatafuta mahali penye W15 mfululizo: Monastir ya Tunisia na Sharm El Sheikh ya Misri kwa miaka mingi zimekuwa na mashindano karibu kila wiki, viwanja vilevile, hoteli ileile. Nauli moja, wiki tatu.

Kwa nini tatu na si sita? Kwa sababu wiki ya nne miguu ya msichana wa miaka 16 huwa imekwisha, na akicheza amechoka anapoteza kwa watu anaowaweza, kisha anaanza kuogopa. Wiki tatu, tiketi ya kurudi inayobadilishika, kisha nyumbani wiki mbili za mazoezi. Na acheze wawili wawili kila wiki. Pesa yake ni ndogo lakini gharama ya ziada ni sifuri, kwa kuwa tayari yupo pale. Pia anapata mechi ya pili hata akitolewa Jumanne asubuhi.

Viza sasa. Hapa kalenda ya tenisi na kalenda ya balozi hazipatani. Orodha inafungwa siku 18 kabla. Ombi la viza ya Schengen linatakiwa liwe limeingia angalau siku 15 kabla ya safari, na linaweza kupelekwa hadi miezi sita kabla. Ukisubiri orodha itoke ndipo uombe, umechelewa. Panga nchi za Ulaya miezi mitatu mbele, omba barua kutoka chama cha tenisi cha taifa na mwaliko wa waandaaji, omba viza ya kuingia mara nyingi, na uambatanishe kalenda nzima ya mashindano. Ndiyo sababu nyingine Tunisia na Misri zinajaa Waafrika. Hata hivyo, mahitaji ya viza ya pasipoti yako kwa nchi hizo yaangalie kila mara kabla ya kulipa.

Chanzo cha pesa ambacho wazazi hawakijui ni programu ya Grand Slam ya kuendeleza wachezaji, inayopitia ITF. Inatoa ruzuku za safari na timu za vijana zinazosafiri pamoja na kocha mmoja, hasa kwa wanaotoka maeneo yasiyo na fedha za tenisi. Maombi yanapitia chama cha taifa na matokeo ndiyo hoja. Angella alipita kwenye njia hizi za ITF, na Sada Nahimana wa Burundi vilevile, aliyefanyia mazoezi kituo cha ITF Casablanca. Mzazi anayebishana na chama chake kwa kelele anajifungia mlango huu mwenyewe. Aandike barua, aambatanishe matokeo, afuatilie.

Kona_ya_T

Sasa chuo, maana wengi wanaona kwenda Auburn, chuo cha Angella kule Marekani, ni kama mtu kastaafu. Angella alijiunga pale Januari 2023. Kwa miaka mingi sheria za NCAA (chama cha michezo ya vyuo Marekani) ziliipa timu ya wanawake ya daraja la kwanza ufadhili kamili nane, wakati wanaume walikuwa na nne na nusu wa kugawana. Msichana mwenye kiwango anapata masomo, chakula, makazi, kocha, gym, mtaalamu wa viungo, nyuzi na viwanja vya ndani bila kulipa. Weka hiyo pembeni ya dola 147.

Danielle Collins alimaliza chuo, akiwa bingwa wa NCAA 2014 na 2016. Mwaka 2022 akacheza fainali ya Australian Open, 2024 akachukua Miami. Emma Navarro, bingwa wa NCAA 2021, akafika nusu fainali ya US Open 2024 na kuingia 10 bora. Diana Shnaider alicheza msimu mmoja tu North Carolina State, 2023, na mwaka uliofuata ana mataji manne ya WTA.

Gharama yake ni muda. Msimu wa timu ni Januari hadi Mei, mechi nyingi kwa wiki na hakuna pointi za WTA. Mchezaji anabakiwa na kiangazi na miezi ya mwisho wa mwaka. Mwenye miezi minne au mitano ya mashindano hajazi matokeo 18, na anayeangalia orodha kutoka nje anadhani kiwango kimeshuka.

Hesabu_za_Safari

Hapo nakupinga kidogo. Collins na Navarro ni Wamarekani. Mashindano ya ITF yako nyumbani kwao, na bingwa wa NCAA ambaye ni Mmarekani kwa kawaida hupewa mwaliko wa US Open. Mkenya akishinda NCAA hapewi hicho. Tusiwauzie wasichana wetu mfano usiowafanana.

Nikubali hili moja: kwa msichana wa kwetu chuo kinamweka ndani ya nchi yenye W15 na W35 nyingi anazofika kwa basi. Hiyo peke yake ni nauli kumi za ndege alizoziokoa.

Jingine, risiti. Kwa miaka mingi NCAA iliruhusu mchezaji wa tenisi kupokea zawadi hadi dola 10,000 kwa mwaka kabla ya kujiunga, na zaidi ya hapo ni gharama halisi za mashindano tu. Reese Brantmeier wa North Carolina alifungua kesi Machi 2024 kupinga sheria za zawadi, na mambo haya yanabadilika, kwa hiyo soma sheria ya mwaka unaojiunga. Kwa vyovyote tunza kila karatasi: tiketi, hoteli, nyuzi, malipo ya kocha, yenye jina la mchezaji na wiki ya mashindano. Mtoto anayecheza W15 akiwa na miaka 16 anaulizwa hizo akiwa na 18. Wasiokuwa nazo hufungiwa mechi.

Kona_ya_T

Kuhusu mialiko uko sahihi, sibishi.

Nyuzi_na_Fremu

Nimesoma yote, hakuna aliyegusa kinachowaangusha wa Nairobi, Kampala na Kigali wiki ya kwanza tu wanapofika pwani: hewa.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, mpira haupungui kasi, unaruka juu na unakwenda mbali. ITF ina aina maalumu ya mpira kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219, lakini klabu nyingi hutumia mpira wa kawaida kwa kuwa ndio uliopo dukani. Msichana anajifunza kujizuia, anafupisha pigo, anafunga nyuzi kwa nguvu nyingi ili mpira usitoke. Akifika Monastir, usawa wa bahari, unyevu na upepo, mpira uleule unakuwa mzito. Mapigo yake yanaanguka kwenye boksi la kuanzishia, mpinzani anaingia mbele na kummaliza. Watu wanasema kaogopa.

Dawa yake: punguza mkazo wa nyuzi kilo moja hadi moja na nusu. Aliyekuwa kilo 25 Nairobi aanze 23.5 pwani, acheze saa moja, kisha aamue. Afike siku tatu kabla ya mechi ya kwanza. Mchujo mara nyingi huanza Jumapili au Jumatatu, kwa hiyo kufika Ijumaa usiku ni kuchelewa. Mazoezi ya siku mbili za mwanzo yawe na lengo moja, mpira utue ndani ya mita mbili kutoka mstari wa nyuma, na upite juu ya wavu kwa mita nzima.

Nyuzi zenyewe: raketi moja inakula kama mita 11 hadi 12. Bobini ya mita 200 inatoa raketi 16 hadi 18, na ni nafuu mno kuliko pakiti moja moja. Beba bobini yako, fundi wa mashindano atakutoza kazi tu. Nyuzi za poliesta hazikatiki haraka kwa wasichana wengi, na hapo ndipo kosa lilipo, wanazicheza hadi zikatike. Zinakuwa zimekufa zamani: hazirudi mahali pake baada ya pigo, mpira hauzunguki, na kiwiko kinaanza kuuma. Badilisha baada ya saa 10 hadi 12 za kucheza hata kama zinaonekana nzima. Andika tarehe na mkazo kwenye kipande cha plasta, bandika ndani ya koo la raketi. Raketi tatu za aina moja na uzito mmoja ndiyo idadi ya chini. Zikiwa mbili, moja ikikatika seti ya pili unacheza seti ya tatu ukiwa na hofu.

Mlinda_Mstari

Nyuzi_na_Fremu, kwa wa Dar na Mombasa inakuwa kinyume?

Nyuzi_na_Fremu

Ndiyo. Wa pwani akipanda Nairobi mipira inamtoka nje kwa nusu mita. Aongeze kilo moja, aongeze mzunguko wa juu, na pigo la pili la kuanzisha alizungushe zaidi badala ya kulisukuma. Pumzi nayo itamsumbua, hasa kwenye mikwaju mirefu, atumie sekunde zake zote 25 kati ya pointi. Mpira wa kawaida ukifunguliwa Nairobi hudunda juu zaidi kwa siku ya kwanza, kwa hiyo afanye mazoezi na mipira mipya, asitumie ya zamani ya klabu, maana mechi itachezwa na mipya.